Viambato Vilivyosahauliwa vya Mbangi na Mizani ya Utabibu

Mmea wa mbangi umekuwa ukihukumiwa, tangu zama za kale hata leo, kwa sifa yake moja tu, nayo ni ulevi. Na kwa kuwa sifa hiyo imewashughulisha kwa kiasi kilekile wanaoupenda ulevi huo na wanaouchukia, pande zote mbili zimeshirikiana, pasipo kukusudia, kuvitia gizani viambato vingine vya mmea huo ambavyo havilevyi kabisa, au hulevya kwa kadiri ndogo mno, na ambavyo huenda vikawa na manufaa kwa mgonjwa. Makala haya yanadai mambo mawili yanayotegemeana: kwanza, kwamba viambato hivyo vinastahili kutafitiwa kwa ghera kubwa kuliko ile iliyokwisha kuonyeshwa, na pili, kwamba hakuna hata kimoja kati yavyo kinachostahili kuitwa dawa mpaka kiwe kimetengwa, kimepimwa, na kujaribiwa mbele ya ugonjwa ulio bayana. Anayekubali dai la kwanza na kulikataa la pili ni mchuuzi. Anayekubali la pili na kulikataa la kwanza amefunga mlango na kisha kulalamika kwamba nyumba haina kitu.

Ua la mbangi jike, likitazamwa kwa kioo cha kukuzia, huonekana limefunikwa na vinyweleo vyembamba vyenye vichwa mviringo, na ndani ya vichwa hivyo ndimo mmea unamotengenezea utomvu wake. Katika utomvu huo wanakemia wamekwisha kutambua viambato viitwavyo kanabinoidi zaidi ya 100, na asili ya nyingi katika hizo ni moja: asidi ya kanabijeroli, ambayo vimeng'enya vya mmea huigeuza, kwa kufuata nasaba ya mbegu, ama kuwa asidi ya tetrahidrokanabinoli, ama ya kanabidioli, ama ya kanabikromeni. Hapana budi kulizingatia neno asidi, kwa sababu mmea mbichi una kiasi kidogo tu cha tetrahidrokanabinoli yenyewe, kile kiambato kinacholevya. Ni joto la moto, au ukaukaji wa muda mrefu, linaloiondolea asidi ile hewa ya ukaa na kuifanya kuwa kileo. Kiambato hicho nacho, kikiwekwa muda mrefu penye hewa na mwanga, huharibika na kuwa kanabinoli, ambayo nguvu yake ya kulevya ni hafifu. Kwa hiyo jani moja, likichumwa leo, likapashwa moto kesho, au likasahauliwa ghalani mwaka mzima, si dawa moja wala si sumu moja. Na tabibu anayemwandikia mgonjwa "bangi" bila ya kusema ni ipi na kwa kipimo gani, amefanya kama asiyeandika kitu.

Historia ya uvumbuzi wenyewe inabainisha jinsi ulevi ulivyowaongoza wataalamu na pia kuwapoteza. Mwishoni mwa karne ya 19, wanakemia wa Cambridge waliichemsha charasi (utomvu wa mbangi) ya Uhindi wakapata mafuta mekundu, na ndani yake wakatoa kanabinoli, wakidhani kwa muda kwamba wamekwisha kukamata chanzo cha ulevi, kumbe walikuwa wamekamata majivu yake. Mwaka 1940 Roger Adams wa Illinois alitenga kanabidioli. Na kwa kuwa haikulevya, haikupata watu wengi wa kuishughulikia. Ilimpasa Raphael Mechoulam na wenzake huko Israeli waibainishe sura yake kamili mwaka 1963, na mwaka uliofuata, yeye na Yechiel Gaoni wakaitenga tetrahidrokanabinoli, ambayo mara moja iliwavutia wataalamu wa dunia nzima, ilhali kanabijeroli, iliyotolewa na watu haohao mwaka uleule, ilikaa miongo kadhaa bila ya kuulizwa habari zake. Hata kiambato cha kwanza cha mbangi kuidhinishwa nchini Marekani, mwaka 1985, kwa kuzuia kichefuchefu cha wanaotibiwa saratani, kilikuwa ni kilekile kinacholevya, kilichoundwa katika maabara.

Si kwamba matabibu wa zamani hawakuona kitu. Ibn al-Badri, aliyeandika katika karne ya 15, anasimulia habari ya mtoto wa mtumishi mkubwa wa Baghdad, aliyekuwa akisumbuliwa na kifafa, na mshairi mmoja akampa hashishi naye akapona. Lakini, asema msimulizi, kijana yule hakuweza tena kukaa bila ya kitu kile hata kitambo kimoja. Kisa hiki, ambacho Franz Rosenthal alikieleza katika kitabu chake cha mwaka 1971, kimebeba katika maneno machache faida na madhara kwa pamoja, wala hakitoi njia ya kuvitenganisha. Karne nne baadaye, mnamo mwaka 1839, daktari William O'Shaughnessy, aliyekuwa Calcutta, alitangaza kwamba amewatibu wagonjwa wa pepopunda na baridi yabisi kwa mvinyo uliotiwa utomvu wa mbangi, na kwamba alimpa mtoto mchanga wa siku 40 aliyeshikwa na degedege, naye akapata nafuu. Alilolikosa O'Shaughnessy halikuwa ujasiri wala insafu, bali kemia: hakuwa na namna ya kujua ni kiambato kipi kilichomtuliza mtoto yule.

Jawabu lilianza kupatikana Brazil. Mwaka 1980, kundi la watafiti ambalo miongoni mwao alikuwamo Elisaldo Carlini lilichapisha jaribio dogo juu ya wagonjwa 15 wa kifafa ambao dawa za kawaida hazikuwafaa: 8 walipewa kanabidioli, na 7 walipewa dawa tupu, yaani kitu chenye sura ya dawa lakini kisicho na kiambato. Katika wale 8, 4 karibu waache kabisa kuanguka, 3 walipata nafuu ya kiasi, na mmoja hakubadilika. Katika wale 7, aliyepata nafuu alikuwa mmoja tu. Matokeo kama hayo, lau yangetoka katika kiambato kisichokuwa na ukoo na bangi, yangefuatwa na majaribio makubwa mwaka uliofuata. Lakini ilipita zaidi ya miaka 30. Jaribio lililotangazwa mwaka 2017, juu ya watoto na vijana 120 wenye kifafa kikali cha aina ya Dravet, lilionyesha kwamba waliopewa kanabidioli waliteremka kutoka kipimo cha kati (mediani) cha mishtuko 12.4 kwa mwezi hadi 5.9, ilhali waliopewa dawa tupu waliteremka kutoka 14.9 hadi 14.1 tu. Mwaka 2018 Marekani iliidhinisha dawa hiyo kwa jina la Epidiolex. Na kwa kuwa ilijaribiwa kama inavyopasa, madhara yake nayo yalijulikana: usingizi, kuhara, kuchokozeka kwa ini, hasa kwa wanaotumia valproeti, dawa nyingine ya kifafa, na kupanda kwa nguvu ya klobazamu, ambayo nayo ni dawa ya kifafa, mwilini. Mizani inayopima faida ndiyo hiyohiyo inayopima hasara, na asiyeitaka moja hawezi kuipata nyingine.

Sasa tuvitazame vile ambavyo bado havijafika huko. Tetrahidrokanabivarini hupatikana kwa wingi zaidi katika baadhi ya mbegu za kusini mwa Afrika, na ina tabia ya ajabu: kwa kipimo kidogo, badala ya kukiamsha kipokezi cha ubongo ambacho tetrahidrokanabinoli hukiamsha, hukizuia. Mwaka 2016 lilichapishwa jaribio la Uingereza juu ya watu 62 wenye kisukari cha ukubwani. Kwa waliopewa kiambato hicho, miligramu 5 mara mbili kwa siku, kiwango cha sukari ya asubuhi kabla ya kula kiliteremka, japokuwa jambo ambalo jaribio lilipangwa hasa kulipima, yaani mafuta mema ya damu, halikubadilika. Habari hii inatia moyo, walakini haina budi kusomwa pamoja na nyingine. Rimonabanti, dawa ya maabara iliyokizuia kipokezi hichohicho kwa nguvu zaidi, iliruhusiwa Ulaya mwaka 2006 kwa ajili ya kupunguza unene, na ikasimamishwa mwaka 2008 kwa sababu iliwatia baadhi ya watu huzuni nzito na fikira za kujidhuru. Haifuati kwamba tetrahidrokanabivarini itafanya vivyo hivyo. Inafuata kwamba atakayeijaribu asiishie kwenye kupima sukari, bali auchunguze na moyo wa mgonjwa.

Kanabijeroli, mama wa nasaba yote, imeonyesha jambo jingine. Mwaka 2008 Giovanni Appendino na wenzake waliripoti kwamba kanabinoidi kadhaa, kanabijeroli ikiwamo, huwaua katika vyombo vya maabara wale bakteria wa usaha ambao dawa ya metisilini imeshindwa kuwaua; na mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster, huko Kanada, waliwatibu kwayo panya walioambukizwa, wakafanikiwa. Panya si mtu, lakini katika zama ambazo hospitali zinaishiwa na silaha dhidi ya vidudu sugu, kiambato kisicholevya chenye uwezo huo hakipaswi kuachwa kabatini kwa sababu tu ya jina la mmea kilikotoka. Kanabinoli, kwa upande wake, inasifiwa madukani kuwa huleta usingizi, na sifa hiyo imetangulia mbele ya ushahidi kwa masafa marefu.

Yupo atakayesema kwamba mfano wa kanabidioli unatosha kutupa yakini juu ya ndugu zake. Ajibiwe kwa mfano wa kanabidivarini, ambayo kwa muundo wake inakaribia kuwa pacha wa kanabidioli, na ambayo iliwatuliza panya wenye mishtuko kwa namna iliyowatia watafiti matumaini makubwa. Ilipojaribiwa juu ya watu wazima 162 wenye kifafa, mishtuko ilipungua kwa takriban asilimia 40 kwa waliopewa dawa, na kwa takriban asilimia 38 kwa waliopewa dawa tupu. Yaani, haikuwapo tofauti ya kutajika. Lau lisingekuwapo kundi la pili, wagonjwa wengi wangeapa kwamba wameponywa, na wangekuwa wakweli katika kusimulia hali zao, huku wakikosea katika kutaja sababu yake.

Hoja yenye nguvu zaidi dhidi ya msimamo wetu ni ile isemayo kwamba viambato vya mbangi hufanya kazi kwa ushirika, na kwamba anayevitenganisha anaivunja dawa yenyewe. Haiwezi kupuuzwa. Sativex, iliyoruhusiwa Uingereza mwaka 2010 kwa kukakamaa kwa misuli ya wagonjwa wa neva, imeundwa kwa kiasi kinachokaribia kulingana cha tetrahidrokanabinoli na kanabidioli. Tena, katika mafuta ya mbangi yenye harufu mna beta-karyofileni, ambayo watu wa Unguja na Pemba wamekuwa wakiishika mikononi mwao kila msimu wa kuchuma bila ya kulijua jina lake, kwa kuwa imo pia katika karafuu, ikiifuata yujenoli. Mwaka 2008 Jürg Gertsch na wenzake walithibitisha kwamba kiambato hiki hukigusa kipokezi cha pili cha kanabinoidi, kilichoenea hasa katika chembe za kinga ya mwili, na kwamba panya waliokosa kipokezi hicho hawakupata nafuu ya uvimbe waliyoipata wenzao. Lakini tazama ni kwa njia gani haya yamejulikana: Sativex ilipimwa kiambato kwa kiambato kabla ya kuchanganywa, na karyofileni ilitengwa kabla ya kusifiwa. Ushirika unaodaiwa pasipo kuwajua washirika si elimu, ni dhana. Na mchanganyiko usiojulikana kiasi cha vilivyomo hauwezi kurudiwa mara ya pili.

Ubaya wa kuiacha mizani hiyo umekwisha kuonekana sokoni. Mwaka 2017 ilichapishwa habari ya bidhaa 84 za kanabidioli zilizonunuliwa mtandaoni nchini Marekani na kupelekwa maabara: zilizokuwa na kiasi kilichoandikwa kwenye chupa hazikufikia hata theluthi, na katika 18 ilipatikana tetrahidrokanabinoli. Mzazi anayempa mwanawe matone hayo kwa ajili ya kifafa hajui kama anampa dawa, kileo, ama mafuta matupu.

Kwetu Afrika Mashariki mambo haya yana uzito wa namna ya pekee. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao milioni 50 wana kifafa, wengi wao wakiwa katika nchi zisizo tajiri, na kwamba katika nchi maskini robo tatu ya wagonjwa hawapati tiba wanayoihitaji. Fenobabito, dawa kongwe, inaweza kumtosha mgonjwa mwaka mzima kwa dola chache, ilhali Epidiolex ilipoingia sokoni Marekani ilitajwa kugharimu dola 32,500 kwa mwaka. Kwa hiyo kuwaambia watu wa Mahenge, nchini Tanzania, ambako kifafa kimejulikana na kuandikwa na madaktari tangu miaka ya 1960, kwamba tiba yao imo katika mbangi, ni kuwadhulumu mara mbili: kuwaficha dawa iliyopo na kuwauzia tumaini lisilopimwa. Wakati huohuo, Lesotho tangu mwaka 2017, Malawi tangu 2020, na Rwanda tangu 2021 zimefungua njia ya kilimo cha mbangi kwa ajili ya dawa, na Tume ya Umoja wa Mataifa ya Dawa za Kulevya, mnamo Desemba 2020, iliuondoa mmea huo katika jedwali kali zaidi la mkataba wa dawa za kulevya wa 1961, kwa kura 27 dhidi ya 25. Yamkini basi mashamba yatatangulia na maabara zitafuata, nasi tutauza majani kwa kilo na kununua kiambato kwa miligramu, kama ilivyokuwa kwa mazao mengine ya nchi hizi.

Kinga ya hilo haipatikani kwa kuilegeza sheria ya ulevi wala kwa kuikaza, kwa sababu sheria hiyo inahusu jambo jingine. Inapatikana kwa kuwapa wataalamu wetu, kama wale wa taasisi ya tiba asilia ya Muhimbili, Dar es Salaam, ambayo chimbuko lake ni kitengo kilichoanzishwa mwaka 1974, kibali kilicho wazi cha kumiliki, kutenga na kupima viambato vya mbegu zinazoota katika ardhi yetu, chini ya ulinzi na hesabu inayokaguliwa, pamoja na wajibu wa kutangaza matokeo yote, yanayopendeza na yasiyopendeza. Kibali cha namna hiyo hakimruhusu mtu yeyote kuvuta wala kuuza. Kinamruhusu mjuzi kujua. Na maadamu kanabidioli ilikaa zaidi ya miaka 70 tangu kutengwa kwake hadi kuwa dawa, si kwa sababu ya ugumu wa kemia bali kwa sababu ya aibu ya ukoo wake, jukumu la kutorudia uzembe huo kwa ndugu zake limewaangukia wale wanaoandika kanuni za utafiti, nao ndio watakaoulizwa.