Motokari ya kila siku kwenye sirkiti: namna ya kuitayarisha na kuiendesha

Siku ya sirkiti si mashindano. Wenye uwanja wa mbio wanafungua mlango kwa mtu wa kawaida na motokari yake ya kawaida, ile anayoendea kazini na kupelekea watoto masomoni. Analipa, anasikiliza maelezo ya usalama, kisha anaingia kwa vipindi vya dakika 15 ao 20. Hakuna kombe. Wote wanaenda upande mmoja, hakuna pikipiki, hakuna mbuzi, hakuna lori la shaba linalotokea mbele. Kwa shofere wa Kolwezi, hiyo ya mwisho peke yake ni ajabu.

Viwanja vinavyojulikana viko mbali. Kuna Whistling Moran, Athi River, karibu na Nairobi, na kuna Kyalami, kati ya Johannesburg na Pretoria, yenye lami ya kilometa 4.5 hivi. Lakini mazoea ya kupeleka gari la kawaida mahali pagumu ni ya zamani kwetu Afrika ya Mashariki. Safari Rally ya kwanza, mwaka 1953, ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na magari yalipangwa kwa bei ya dukani, si kwa ukubwa wa motere. Mwaka 1965 Joginder Singh alishinda na ndugu yake Jaswant ndani ya Volvo PV544 iliyokuwa imetumika tayari.

Hapa Lualaba kiu ya mwendo iko pia, ila inazimwa vibaya: usiku, kwenye barabara ya Likasi, katikati ya malori ya mines. Njo maana inafaa kujua namna kazi hii inavyofanywa pale inapostahili. Na mambo mengi ya matayarisho yanamsaidia hata yule ambaye hatakanyaga sirkiti maisha yake yote.

Kwanza freni. Watu wanafikiri motere njo inachoka mbele, hapana. Motokari inayotoka 140 mpaka 60 kila baada ya nusu dakika inageuza mwendo wote kuwa moto, na moto unaingia kwenye mafuta ya freni. Mafuta haya yanavuta unyevu wa hewa kidogo kidogo. DOT 4 mpya haitakiwi kuchemka chini ya digrii 230. Ikishakunywa maji inaweza kuchemka kwenye 155. Ikichemka inatoa mvuke, mvuke unabanwa, na pedali inashuka mpaka chini bila gari kusimama. Basi mafuta ya zaidi ya miaka miwili yatolewe yote, si kuongezea juu. Plaketi zibaki zaidi ya nusu ya unene wake. Plaketi za bei rahisi za sokoni zinaweza kutosha mjini; kwenye sirkiti zinanuka kuungua kabla ya mzunguko wa tano.

Maji ya radiateri nayo. Kolwezi iko mita 1,400 na zaidi juu ya bahari, na hapo maji ya wazi yanachemka karibu digrii 95, si 100. Kinachoyazuia yasichemke ndani ya motere ni presha inayoshikwa na kifuniko cha radiateri. Kifuniko kilichochoka, kitu cha bei ndogo, kinaweza kuua kichwa cha motere. Urefu huo huo unapunguza hewa: motere isiyo na turbo inapoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi ya nguvu. Kyalami iko juu vilevile, kwa hiyo mtu asishangae.

Oili ijazwe mpaka alama ya juu, sababu kwenye kona ndefu inakimbilia upande mmoja na pompu inaweza kuvuta hewa. Filta ya hewa, na vumbi letu la mwezi wa nane, ibadilishwe tu. Gari la vitesi otomatiki linachemsha mafuta ya giaboksi haraka. Vipindi vyake viwe vifupi.

Matairi ya okazyo yasomwe kwanza: namba nne za mwisho pembeni, kwa mfano 2319, ni juma la 23 la mwaka 2019. Hewa inapanda tairi likipata moto, kwa hiyo inapimwa na kupunguzwa mara baada ya kipindi. Nati zikazwe kwa ufunguo wa kupima. Ndani kila kitu kitoke: jeki, chupa ya maji, hata zulia la miguu la shofere, linaloweza kuingia chini ya pedali.

Kuendesha sasa. Mzunguko wa kwanza ni wa kupasha moto. Freni inakanyagwa gari likiwa limenyooka, inaachwa kidogo kidogo, ndipo volani inageuka. Esansi inaongezwa pale kona inapofunguka. Macho yanatangulia. Kupita mwingine ni pale tu panaporuhusiwa. Bendera ya njano: hatari, hakuna kupita. Bluu: kuna wa haraka nyuma. Nyekundu: kipindi kimesimama, rudi polepole. Mzunguko wa mwisho ni wa kupoza, na ukisimama usivute freni ya mkono, plaketi zenye moto zinaweza kushika diski.

Bima isomwe mbele ya kulipa. Mikataba mingi inakataa ajali ya uwanja wa mbio, na gari likivunjika siku ya Mungu, siku ya kwanza familia inatembea kwa miguu.

Kurudi nyumbani ni kazi nyingine. Hewa iliyopunguzwa inarudishwa, nati zinakazwa tena, shofere anapumzika, sababu macho yaliyozoea 140 yanaona 80 kama kutembea. Na wale wengi wenye volani ya kuume: kwenye sirkiti upande wa volani si kitu. Nyuma ya lori kati ya Fungurume na Kolwezi, shofere wa namna hiyo haoni kinachokuja mpaka gari lake lote limetoka nje.