Maonyesho ya Barazani

Sisi tuliokulia Kinondoni tulidhani maonyesho ya sanaa ni mambo ya Ulaya. Kumbe yalikuwa wilayani mwetu, Oysterbay, nje ya duka la Morogoro Stores. Hapo ziliuzwa picha za Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, aliyeanza mwaka 1968 kuchora kwa rangi ya baiskeli juu ya hadibodi. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi wakidhani ni jambazi, akafa. Wanafunzi wake hawakutawanyika. Mwaka 1990 waliunda chama cha ushirika, bingwa na mwanagenzi wakichora pamoja. Picha zao zilifika hadi Japani. Nami nilipita pale miaka mingi na kikapu changu, nisiulize bei hata siku moja.