Treni haina usukani: historia fupi ya swichi ya reli

Leo naiacha tarakilishi kidogo niongee juu ya reli, lakini mwisho mtaona kuwa sikwenda mbali.

Treni haina usukani. Dereva anaweza kuongeza mwendo au kufunga breki, basi. Kinachochagua njia ni swichi ya reli, pale njia moja inapogawanyika kuwa mbili. Pana vipande viwili vya reli vilivyochongwa vyembamba kama ndimi, husukumwa pamoja kushoto au kulia. Ulimi usipobana vizuri, gurudumu hupanda juu na behewa huanguka.

Ukikaa Diani au Msambweni huioni reli. Njia kuu hupita upande wa bara wa Kwale: Samburu, Taru, Mackinnon Road. Ujenzi wake ulianza Mombasa mwaka 1896 ukafika Kisumu 1901, upana mita moja. Ilijengwa kama njia moja tu, kwa hiyo treni mbili zinazokabiliana hupishana stesheni: moja huingizwa pembeni, nyingine ikapita. Bila swichi, zingegongana.

Waingereza walishalifikiria jambo hili zamani. Mwaka 1856 John Saxby alipata hataza ya kuendesha swichi na ishara kwa pamoja. Baadaye mitambo ikafuliwa hivi kwamba ishara haiwezi kuruhusu treni kabla swichi haijakaa. Mwanaprogramu ataitambua mara moja: ni "kama hivi, basi vile" iliyotengenezwa kwa chuma.

Sasa tuje kwenye reli ndogo za mezani. Kipimo kinachopendwa sana ni 1 kwa 87, upana milimita 16.5. Ukitaka kuiga reli yetu ya mita moja, hesabu inakupa milimita 11.5, watengenezaji hutumia 12. Hapo uwazi wa nusu milimita kwenye ulimi ni sawa na zaidi ya sentimita 4 kwenye reli halisi! Ndiyo maana swichi hizi ni sumbufu.

Dawa yake ina utaratibu. Kwanza sukuma behewa moja kwa kidole, polepole, usikilize linapogonga. Pili, pima upana wa reli, kisha nafasi kati ya magurudumu mawili ya ekseli moja. Mara nyingi kosa liko kwenye gurudumu. Tatu, ondoa uchafu, piga tupa ncha ya ulimi mpaka ikae bila uwazi. Umeme uje mwisho.

Chuo cha MIT huko Marekani kina klabu ya reli za mezani iliyoanza 1946. Wanachama waliendesha swichi zao kwa vifaa vya simu, nyaya zikijaa chini ya meza. Baadhi yao wakahamia kwenye tarakilishi za chuo, na mchezo wa Spacewar ulipotoka mwaka 1962, Alan Kotok na Bob Saunders waliuundia visanduku vya kuchezea kwa vifaa vya klabu hiyo. Neno "hack" tunalolitumia leo lilikuzwa hapo.

Lakini hili si la kuchezea. Mei 2002, huko Potters Bar, Uingereza, nati za swichi moja zilikuwa zimelegea. Swichi ikasogea treni ikiwa juu yake, watu 7 wakafa.

Funzo kwetu tunaoandika programu ni hili: leva kuvutwa si sawa na ulimi kukaa. Kila mtumiaji wa M-Pesa anajua tofauti ya "nimetuma" na "nimepokea". Programu yako isiulize tu kama amri imetolewa. Iulize kule mwisho, kwenye chuma chenyewe, kama kazi imefanyika. Na hata ikijibiwa ndiyo, lazima awepo mtu wa kwenda kukaza nati.