Kijivu Kisicho na Rangi: Historia Fupi ya Kuchapa Picha za Nyeusi na Nyeupe Nyumbani

Tulipofanya arobaini ya marehemu babu, nilipewa kazi ya kuchapa picha yake ya nyeusi na nyeupe kwa printa ya nyumbani. Uso ulitoka wa kijani. Shangazi aliutazama kwa muda, kisha akauliza kama babu alikuwa mgonjwa siku alipopigwa picha ile. Kwa nini mashine inayochapa rangi za kila aina inashindwa na kijivu?

Kwanza, tusidhani kwamba picha za zamani hazikuwa na rangi. Karatasi ya albumini, aliyoitangaza Mfaransa Louis Désiré Blanquart-Evrard mwaka 1850, ilipakwa ute wa yai wenye chumvi, kisha nitrati ya fedha. Picha iliyotokea juani ilikuwa ya kahawia nyekundu, na wachapaji waliitia katika kloridi ya dhahabu ili ielekee zambarau na kudumu zaidi. Karatasi za jelatini zilizofuata nazo zilitofautiana: za bromidi zilikuwa na weusi wa baridi, zenye kloridi ndani yake weusi wa joto. Kwa hiyo rangi ilikuwapo. Ila mchapaji ndiye aliyeichagua.

Printa ya wino ilivunja utaratibu huo. Printa ya kawaida ya rangi hujenga kijivu chepesi kwa vitone vya samawati, majenta na manjano, na wino mweusi huingia zaidi kwenye vivuli. Majenta ikipungua kidogo, picha inakuwa ya kijani. Ikizidi, inakuwa ya waridi. Kwenye picha ya bustani nani atagundua? Kwenye kijivu, jicho halisamehi.

Mwaka 2000 tatizo lilichukua sura nyingine. Epson Stylus Photo 2000P ilitumia wino wa kudumu, lakini picha iliyoonekana sawa chini ya balbu usiku iligeuka kijani ikisogezwa dirishani asubuhi. Kilichobadilika ni mwanga tu. Karibu wakati huo huo, huko Vermont, Marekani, mchapaji Jon Cone alichukua njia ambayo mimi naiona ya busara zaidi: aliondoa wino za rangi na kujaza printa wino mweusi wa viwango mbalimbali. Mfumo wake ulijulikana kama Piezography. Makampuni makubwa yalifuata kwa tahadhari. HP iliweka wino wa kijivu katika Photosmart 7960 mwaka 2003, na mwaka 2005 Epson ikaleta UltraChrome K3, yenye weusi wa viwango vitatu. Wino za rangi zikabaki kurekebisha tu.

Hata hivyo, historia hiyo ni ya printa za bei kubwa. Zile za katriji nne, ambazo wengi wetu tunazo, bado zinachanganya rangi, hasa ukiziambia kwamba karatasi ni ya kung'aa. Dawa niliyoipata ni kuchagua wino mweusi pekee, karatasi isiyong'aa, na kuikagua picha mchana kabla ya kuitoa.

Nilichapa upya. Ukisogea karibu unaona vitone, na weusi haukolei sana. Shangazi ameitundika sebuleni, mkabala na dirisha.