Mnara wa Fischer, Njia ya Nani?

Karibu kila wikendi, kabla hata makanga wa kwanza hawajaanza kupiga kelele, kuna mbogi inayokusanyika katikati ya jiji la Nairobi ikisubiri matatu waliyokodisha kwenda Hell's Gate. Saa kumi na moja na nusu gari linang'oa nanga. Kuna aliyebeba mandazi, kuna aliyebeba spika, na kuna yule anayelala kuanzia Westlands hadi Mai Mahiu. Saa mbili hivi wako kwenye lango la Elsa. Wamelipa kwa eCitizen, wamekodisha baiskeli, na kitu cha kwanza kinachowapokea ndani ya mbuga ni nguzo ndefu ya mawe iliyosimama peke yake kama mlinzi wa zamu ya usiku. Kimo chake ni kama mita 25. Ni shina la volkano ya kale, mawe yaliyogandia ndani ya koo la mlima kisha mlima wenyewe ukamomonyoka. Kwenye ramani inaitwa Fischer's Tower.

Hapo kila mtu anapiga picha. Akiulizwa Fischer ni nani, aliyesoma kidogo atasema ni Mjerumani aliyegundua eneo hili. Neno hilo "kugundua" ndilo linalonisumbua. Gustav Fischer alikuwa daktari aliyeishi Zanzibar kwa miaka kadhaa. Alitoka Pangani mwishoni mwa 1882, akafika Naivasha mwaka wa 1883, na hapo Wamaasai wakamzuia asiendelee mbele. Alikuwa akitafuta njia ya kufika ziwa tunaloliita Victoria. Kwa lugha rahisi, mnara ule una jina la mtu aliyefika pale akaambiwa arudi kwao.

Swali ni hili: alifikaje hapo? Hakuwa na ramani ya kuaminika ya bonde hili. Alifika kwa sababu kuna watu walioijua njia, na wao ndio waliotembea mbele.

Watu hao walikuwa na jina la kazi. Kwenye misafara ya karne ya 19 mtu wa mbele aliitwa kirongozi, wengine wakimwita kirangozi. Richard Burton, Mwingereza aliyefuata njia ya Tabora kati ya 1857 na 1859, ameeleza sheria moja iliyomshangaza: hakuna aliyeruhusiwa kumpita kirongozi. Aliyethubutu alichomolewa mshale kwenye podo lake, ili jioni kambini mwenye mshale ajulikane na alipe. Na msafara uliondoka alfajiri, ukatembea wakati kuna baridi, ukatua kabla jua la adhuhuri halijachoma vichwa vya wapagazi. Kwa hiyo ukijiona umeteswa kwa kuamshwa saa kumi usiku, jua kwamba ratiba hiyo ni ya zamani kuliko kampuni yoyote ya utalii nchini.

Hata maneno tumerithi. Posho ilikuwa chakula cha mpagazi njiani. Hongo ilikuwa malipo ya halali ambayo msafara ulimpa mwenye nchi ili upite: vitambaa, shanga, nyaya za shaba na za chuma. Ulilipa hongo kwake kama unavyolipa leo kwenye lango la mbuga. Baadaye tu ndipo neno likahama, likaanza kuvaa sare na kusimama kwenye vizuizi vya barabarani. Wasafiri wa Kizungu waliichukia hongo na kuiandika kama wizi. Lakini ukifikiria, mtu anaingia kwako na watu mia kadhaa wenye bunduki, wanakunywa maji yako na kukata kuni zako. Kumdai chochote ni kosa?

Sasa, miaka kadhaa kabla ya Fischer kufika Naivasha, kulikuwa na mtu aliyeitwa Sadi bin Ahedi, mwenyeji wa karibu na Gazi, huko Udigo, sehemu ambayo leo ni Kwale. Sadi alikuwa ametembea bara na misafara ya biashara hadi njia zikakaa kichwani mwake. Mmishonari Thomas Wakefield, aliyekuwa Ribe nyuma ya Mombasa, alikaa naye na kuandika alichosema, na mwaka wa 1870 maelezo hayo yakachapishwa London katika jarida la Royal Geographical Society. Yalikuwa orodha ya njia kutoka pwani kuelekea bara, zilizotoka kinywani mwa mtu aliyezijua kwa miguu. Mwaka uliofuata Sadi huyohuyo alimwongoza Charles New hadi Uchagani, safari iliyomfikisha New kwenye theluji ya Kilimanjaro. Vitabu vinamtaja New kama Mzungu wa kwanza kuigusa. Sadi anatajwa kama mtu aliyekuwepo.

Tukirudi Naivasha, mwaka uleule wa 1883 Joseph Thomson, Mskoti wa miaka 25, aliondoka pwani kwa niaba ya Royal Geographical Society kutafuta njia ya moja kwa moja kupitia Umaasai. Alipofika karibu na Kilimanjaro alisikia kwamba msafara wa Fischer uliomtangulia ulikuwa umegombana na Wamaasai, na nchi yote ilikuwa na hasira. Akarudi Mombasa kujipanga. Alipojaribu mara ya pili hakuenda peke yake: alijiunga na msafara wa Jumbe Kimameta, mfanyabiashara wa pembe za ndovu kutoka Pangani aliyeijua nchi ya Wamaasai vizuri. Kwa mpango huo Thomson akapita Naivasha, akafika Baringo, akaliona Ziwa Victoria, akarudi pwani mwaka wa 1884. Kitabu chake kikauzwa sana, na maporomoko ya Nyahururu yakaitwa Thomson's Falls.

Kimameta hakustaafu. Mwaka wa 1887 alikuwa njiani tena, sasa na Count Samuel Teleki wa Hungary na mwenzake Ludwig von Höhnel. Machi 1888 walifika kwenye ziwa kubwa la kaskazini, na Teleki akalibatiza Rudolf kwa heshima ya mrithi wa ufalme wa Austria, mtu ambaye hakuwahi kulikanyaga. Ziwa hilo likaitwa hivyo hadi mwaka wa 1975, Kenya ilipolipa jina la Turkana. Mtu mmoja kutoka Pangani alihusika na safari mbili kati ya zile zilizojaza nusu ya ramani ya Kenya, na bado ukiuliza darasani Kimameta ni nani, utapata kimya.

Nisieleweke vibaya. Simjengei Kimameta sanamu. Alikuwa mfanyabiashara, na biashara ya pembe ilikuwa ya damu. Misafara mingi ya zama zake ilibeba pia watumwa. Viongozi wa misafara waliuza ujuzi wao kwa aliyelipa, kama anavyofanya mtu yeyote mwenye kipaji na njaa. Muhinna, mmoja wa viongozi wa Thomson, amelaumiwa kitabuni kwamba alitaka safari ivunjike. Labda ni kweli, labda aliona hatari ambayo kijana mgeni hakuiona. Hatuna kitabu cha Muhinna cha kulinganisha. Hapo ndipo shida ilipo: mmoja aliandika, mwingine aliongea, na maandishi ndiyo yaliyobaki.

Na ujuzi ule ulikuwa na bei ambayo waliouuza hawakuiona. Njia iliyosimuliwa ikawa mstari kwenye ramani. Mwaka wa 1888 kampuni ya Imperial British East Africa ikapewa hati ya kifalme. Mstari ukawa reli, na reli ikafika Kisumu mwaka wa 1901. Mwaka wa 1904, miaka 21 tu baada ya Wamaasai kumwambia Fischer arudi, viongozi wao, Olonana akiwemo, waliweka alama kwenye mkataba ulioondoa watu wao kwenye bonde karibu na Naivasha, wengine wakapelekwa Laikipia, wengine kusini, ili walowezi wapate malisho. Ukisimama chini ya mnara ule ukiwa na habari hiyo kichwani, unaona mambo mengine kabisa.

Kuna mahali jina la kiongozi lilishinda, na ni pazuri kupakumbuka. Tarehe 3 Desemba 1849, mmishonari Ludwig Krapf aliuona kwa mbali mlima wenye theluji akiwa Kitui. Mwenyeji wake alikuwa Kivoi, kiongozi wa Wakamba na mfanyabiashara mkubwa, ambaye misafara yake ilifika hadi pwani. Wakamba waliuita mlima Kĩĩnyaa. Krapf akaliandika jina alivyolisikia, na likageuka Kenia, kisha Kenya. Kivoi aliuawa mwaka wa 1851, msafara wake uliposhambuliwa Krapf akiwemo. Krapf alinusurika akaandika vitabu. Lakini kila unapotoa pasipoti yako, unatoa neno lililosemwa na watu wa Kivoi. Fikiria Krapf angefanya kama Teleki. Leo tungeimba wimbo wa taifa wa nchi yenye jina la mwana wa mfalme fulani wa Ulaya.

Huko Hell's Gate majina ya kwanza bado yapo, ila yamewekwa viti vya nyuma. Korongo linaitwa Ol Njorowa. Lilichongwa na maji ya Ziwa Naivasha la kale, lilipokuwa kubwa kuliko leo likafurika kuelekea kusini. Naivasha yenyewe ni Nai'posha, maji yanayochafuka, neno lililopita kwenye ulimi wa Kiingereza likatoka limekunjika. Olkaria, tunayoijua kwa umeme wa mvuke, ni udongo mwekundu ambao Wamaasai hujipaka. Na ule mnara wa mawe, waongozaji wa pale huwasimulia wageni kwamba ni binti aliyekuwa akipelekwa kuolewa, akakatazwa kugeuka nyuma, akageuka, akawa jiwe. Uiamini usiiamini, hadithi hiyo angalau ina mtu wa hapo ndani yake.

Waongozaji hawa, wengi wao vijana wa Kimaasai wa karibu, ndio warithi wa kazi ya Sadi na Kimameta. Mbuga ilitangazwa mwaka wa 1984. Kabla ya hapo uchimbaji wa visima vya mvuke ulikuwa umeanza miaka ya 1950, na mtambo wa kwanza wa Olkaria ukawashwa mwaka wa 1981. Mwaka wa 2014, ili mradi wa Olkaria IV upate nafasi, familia za Kimaasai zilihamishwa kutoka vijiji kadhaa, kimojawapo kikiwa kituo cha utamaduni kilichotegemea watalii. Kwa hiyo kijana anayekuonyesha maji ya moto yakitiririka ukutani mwa korongo huenda anakuonyesha mahali ambapo jamaa zake walichunga mbuzi, na mahali ambapo sasa wanahitaji ruhusa kuingia.

Lakini wengi wetu tunamlipa shingo upande. Tunagawana hela, mtu anasema, "Wacha, tutajipeleka tu, njia si ni moja?" Na kweli ukiitazama kwenye simu njia ni moja. Simu haisemi kwamba mvua inaweza kunyesha kwenye vilima vya mbali huku juu yako anga ni safi kabisa, na maji yakateremka kwenye mwanya mwembamba usio na pa kukimbilia. Aprili 2012 vijana saba wa kundi la kanisa walikufa hivyo ndani ya Ol Njorowa. Septemba 2019 watu saba wengine wakasombwa, na korongo likafungwa kwa muda. Kiongozi hana nguvu juu ya maji. Alicho nacho ni kujua wingu lipi ni la kuogopwa, na mahali pa kupanda ukuta. Na akikwambia leo hatuingii, hiyo nayo ni kazi unayomlipia, pengine kubwa kuliko zote za siku hiyo.

Sipendekezi mnara ubomolewe wala ubadilishwe jina kesho. Fischer alipita pale, hilo ni kweli, na historia haifutwi kwa rangi. Ila tunaweza kuandika kibao cha pili: kwamba alizuiwa na Wamaasai, kwamba alikuja kwa njia ya misafara ya Pangani, kwamba mahali hapa palikuwa na majina. Tunaweza kufundisha watoto jina la Sadi bin Ahedi pamoja na la New, na la Kimameta pamoja na la Thomson. Wizara haihitajiki kwa hilo. Mtu mmoja kwenye matatu anatosha, akiwa na dakika kumi na wenzake wakazima spika.

Na sisi wenyewe tumuulize mwongozaji anapaitaje hapa kwao, kisha tumsikilize hadi mwisho. Enzi za misafara, aliyempita kirongozi alitozwa mshale, jioni akaukomboa yakaisha. Korongoni, kosa hilohilo halina wa kulipia jioni.