Injini Iliyokamata

Ukisoma historia ya trekta katika nchi hii, utaanzia Kongwa. Mwaka 1947 Waingereza waliingia kwenye vichaka vile kulima karanga, wakilenga zaidi ya ekari milioni tatu. Matrekta mengi yalikuwa mitumba ya vita, mengine yametolewa Ufilipino. Baadaye kampuni ya Vickers ikageuza hata vifaru vya Sherman kuwa matrekta. Lakini mwaka wa kwanza haujaisha, sehemu kubwa ya mitambo ilikuwa imelala, na 1951 mpango wenyewe ukazikwa.

Baada ya uhuru tukaendelea. Vijiji vya makazi mapya vikapewa matrekta, mpango ukaachwa 1966. Kibaha tukaunganisha Valmet za Ufini. Mwaka 2009 ikaja Kilimo Kwanza na pawatila zake. Simulizi zote hizi zinajua trekta likipokelewa kwa hotuba. Likishakufa hazijui tena habari zake, na mimi naona hapo ndipo nusu ya historia inapoanza.

Nusu hiyo niliikuta Ikungi, Singida, kwenye ua wa mzee mmoja mkulima wa alizeti. Massey Ferguson 135, injini ya Perkins yenye silinda tatu, modeli iliyoanza kutengenezwa 1964. Lilisimama misimu kadhaa bila hata kopo la kufunika bomba la moshi. Maji ya mvua yakashuka kwenye bomba, yakapita kwenye valvu iliyobaki wazi, yakakaa juu ya pistoni. Kutu ikagandisha ringi kwenye ukuta wa silinda. Injini imekamata, haizunguki hata kidogo.

Mawingu yalikuwa yameshaanza kujikusanya, na mzee alitaka livutwe na Fuso likiwa kwenye gia mpaka liachie. Kukodi trekta la mtu msimu ule kungemla faida yote.

“Mzee wangu, ukivuta unapinda konrodi,” fundi akamwambia. “Hapo utaliuza kwa kilo.”

Akafungua nozeli zote tatu, akamimina humo dizeli iliyochanganywa na oili ya haidroliki, akaenda zake. Kesho yake akaongeza. Kisha akaanza kusukuma meno ya flaiwili kwa nondo, mbele kidogo, nyuma kidogo, bila kutumia nguvu za kuonyesha watu. (Watu walikuwepo, na ushauri walikuwa nao mwingi.) Nilimuuliza kwa nini anarudisha nyuma.

“Mwandishi, ukisukuma mbele tu, kutu inajirundika mbele ya ringi. Ukirudisha, oili inapata njia.”

Siku nne hakuna kitu. Mzee akawa anakuja na kuondoka bila salamu. Siku ya sita flaiwili ikatembea upana wa ukucha, na fundi, badala ya kukazana, akaongeza oili akafunga kazi.

Ilipozunguka duru nzima, mzee akasema liwashwe sasa hivi. Fundi akakataa tena. Kwanza akamwaga oili yote ya chini, maana dizeli ilikuwa imeshapenya mpaka huko, akaweka mpya. Akaizungusha injini nozeli zikiwa bado nje, maji meusi yakaruka kwenye matundu matatu na kumchafua kanzu mzee, aliyekuwa amesogea karibu mno.

“Bado,” fundi akasema, akaanza kusafisha nozeli.