TABORA 1958: SHURA ILIYOBADILI NJIA



Ndugu yangu msomaji, ukiwa Ntalikwa leo umesimama kwenye nchi ya wapagazi. Zamani misafara ya kutoka Bagamoyo ilifika Tabora, na hapo njia zikagawanyika: hii ya Ujiji, ile ya Karagwe. Kirangozi alitangulia mbele. Lakini wapagazi wasipomwamini, walitua mizigo wakatoroka usiku.

Sasa twende Januari 1958, Tabora hiyo hiyo, kwenye mkutano mkuu wa mwaka wa TANU. Serikali ya kikoloni imeleta uchaguzi wa kura tatu: kila mpiga kura lazima achague Mwafrika, Mwasia na Mzungu, na hupigi kura mpaka utimize masharti magumu. Wajumbe wengi walikuja na neno moja: tususie! Walikuwa na haki ya kukasirika.

Mwalimu Nyerere aliona hatari nyingine. TANU ikisusia, viti vya Baraza la Kutunga Sheria vitachukuliwa na UTP, chama kilichoanzishwa 1956 kwa baraka za Gavana Twining. Lakini hakutoa amri. Hoja zilijadiliwa kwa ukali. Inasimuliwa kuwa aliwapigia mfano wa mkulima anayelazimika kukanyaga tope ili afike shambani kwake. Tazama hapo: hakusema tope ni maji safi.

Hoja ikapita, ikaitwa Uamuzi wa Busara. Haikupita bila gharama. Zuberi Mtemvu alijitoa akaanzisha chama chake. Lakini TANU haikuvunjika. Uchaguzi wa Septemba 1958 na Februari 1959 ilishinda kwa kishindo, pamoja na wasio Waafrika iliowaunga mkono, kama Sophia Mustafa na Derek Bryceson. Tarehe 9 Desemba 1961 Tanganyika ikawa huru.

Sasa jiulize, wewe kiongozi wa kamati ya msikiti, madrasa au chama cha kuweka na kukopa: mara ya mwisho mlipobadili mwelekeo, watu wenu walisikia wapi? Usitangaze jambo zito watu wakiwa wanavaa viatu mlangoni. Kaa nao. Taja uchungu wa jambo lenyewe. Msikilize anayepinga, na akiondoka usimfanye adui.

Shura si kuwaita watu waitikie ulichokwisha kukiamua peke yako. Ukifanya hivyo watakuitikia mchana, na usiku watatua mizigo.

Wabillahi tawfiq.